Kitambaa Chekundu Mlangoni

Andika kama ninavyosema, Akello, wala usinipambie maneno. Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, nilikabidhiwa ufunguo wa nyumba ya marubani wa kampuni ya ndege, mtaani Bukoto, sufuria nne na saa ya ukutani. Saa nilijua kuisoma, kwa kuwa babu yako, askari polisi, alinifundisha. Maandishi hakunifundisha mtu.

Mkuu wa Zamu, aliyepanga nani aruke lini, alinieleza jambo lililonishangaza. Rubani wa akiba huketi sebuleni na sare yake, akicheza karata, na hiyo ni kazi, kwa maana wakati wowote ataitwa kushika nafasi ya mwenzake. Aliye katika mapumziko ni mtu mwingine kabisa: saa zake za kulala zimehesabiwa, na mfanyakazi yeyote wa kampuni akimwamsha, hesabu huanza upya. Nilijiuliza siku nyingi usingizi wa mtu unawezaje kuwekewa sheria. Kwa kuwa ratiba sikuweza kuisoma, nilifunga vitambaa kwenye vitasa: cheupe kwa wa akiba, chekundu kwa wa mapumziko.

Asubuhi moja Kapteni mmoja mrefu alirudi kutoka safarini, akapita jikoni bila kula, akaenda kulala. Kitambaa chekundu nilikifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini adhuhuri matoke yalikuwa yameiva, nami nililelewa kwamba mgeni kulala na njaa nyumbani mwako ni aibu. Nikabisha mara tatu.

"Kapteni, chakula tayari."

"Asante, mama."

Nilimsikia akigaagaa kitandani. Hakulala tena.

Alasiri Mkuu wa Zamu akaja na gari. Rubani wa akiba alikuwa amekwisha kuchukuliwa. Kapteni asiporuka, ndege ya jioni hairuki.

"Umelala sawasawa?"

"Kama mtoto," Kapteni akajibu, macho yake mekundu kuliko kile kitambaa, kisha akanikonyeza ninyamaze.

Babu yako alikuwa amekwisha kufariki, na kazi ile ndiyo iliyomlisha mama yako. Hata hivyo nilisema.

"Hakulala. Mimi nilimwamsha."

"Nyabo! Mama, unajua watu wangapi wanangoja Entebbe?"

"Walio mbali sijui kuwahesabu. Najua nilibisha mara tatu."

Kapteni akacheka. "Mkubwa, mama hana makosa. Hiyo matoke yake ilibisha mlango kabla yake."

Mkuu hakucheka. Safari ikasogezwa hadi kesho yake. Alipokuwa akitoka nilivua ufunguo shingoni nikamnyooshea.

"Kaa nao," akasema. "Hawa wote wananiambia wamelala. Sasa nitakuwa nauliza wewe."

Na kweli, tangu siku ile aliniuliza mimi. Mwaka fulani alikuja mwenyewe, ana haraka, akitaka kumwamsha rubani kabla ya saa zake kutimia. Nilimwonyesha kitambaa, nikamwonyesha na benchi la uani. Alingoja saa mbili nzima, nilimpa chai.

Nilistaafu bila kupanda ndege hata mara moja. Jambo moja bado nalichunguza: usingizi wa rubani ulilindwa kwa sheria, lakini wa mpishi aliyeulinda haukuandikwa popote. Labda wewe uliyesoma utanijibu, ila si leo. Umepiga miayo mara mbili. Funga daftari ukalale. Chakula chako nitakifunika, sitabisha.