Mlango wa Jikoni

Mgeni akiulizia baa ya Mama Mwiko, wenyeji walimwelekeza mlango wa nyuma. Wa mbele ulikuwepo, mpana, wa vioo, ukitazama barabara kubwa, ila huo waliwaachia mawakala wa bima na watu waliopotea njia.

Zamani hapo nyuma ndipo palipokuwa mbele. Mama mkwe wa Mama Mwiko alipofungua baa, mtaa mzima ulitazama kichochoro cha nyuma. Barabara kubwa ikaja kupita upande wa pili, maduka yakageuka, na baa nayo ikatobolewa ukuta na kuwekewa vioo. Chumba kilichokuwa cha mbele kikawa jiko. Wateja wao hawakugeuka ng'o. Waliendelea kupita palepale, katikati ya masufuria, wakisema "Samahani, mama" huku wakikwepa mafuta ya moto.

Mama mkwe aliona mbali. Aliyepita na uso mkunjufu aliachwa aende zake kaunta. Ambaye uso umemshuka alivutiwa kigoda, akapewa supu, na bia hakuiona mpaka bakuli liwe tupu na yaliyomkaa moyoni yamemtoka. Mama Mwiko alipoolewa alirithi jiko, desturi hiyo, na mwiko wenyewe, ambao hakuuweka chini hata akipokea simu. Alijiamini, na kwa haki. Kwa kukutazama tu angekuambia kama umegombana na mkeo au na bosi.

Mumewe alipofariki, nusu ya jengo ikawa ya shemeji yake, msimamizi katika kiwanda cha magodoro, mwanaume nadhifu, kalamu mfukoni hata siku ya mapumziko.

"Shemeji, watu wazima wanapita jikoni kama paka," alisema. "Tuuzibe huu mlango. Mwashi anakuja Jumatatu."

"Aje. Nitampa supu."

Shemeji hakungoja mwashi. Alipigilia mbao mwenyewe kwa nje, kwa misumari mirefu. Na tuseme ukweli, baa ilijaa. Wapita njia waliona vioo, wakaingia, na shemeji akawa anatembea kifua mbele. Mama Mwiko alikoroga sufuria lake bila kuona sura ya mtu. Hilo lilimuuma. Jiko lisilopitwa na mtu, kwake lilikuwa stoo tu, na Jumatatu lingekuwa stoo moja kwa moja.

Alhamisi seremala aliingia kwa mbele, akaenda kaunta moja kwa moja, na hata bia ya pili hajaimaliza alikuwa ameshamkunja shati fundi cherehani, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Kiti kikavunjika. Kumbe mwanawe anaumwa, na yeye tangu jana hajatia kitu tumboni.

"Angepita kwangu ningemwona," Mama Mwiko alimwambia shemeji.

"Kiti kinatengenezeka."

"Na seremala ni nani? Si huyohuyo?"

Shemeji akachomoa kalamu, akaandika bei ya kiti.

Kesho yake alasiri Mama Mwiko alisikia mtu anapapasa mbao. Akachungulia dirishani. Alikuwa shemeji, paji la uso karibu ligusane na ubao, mkono ukitafuta kitasa ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekifunika. Miguu ilikuwa imemleta yenyewe. Mfukoni hamna kalamu.

Mama Mwiko alikuwa na maneno makali aliyoyatunza kwa ajili ya siku kama hiyo. Aliyameza yote.

"Shemeji, mbele kuko wazi."

"Mbele kuna watu."

"Una nini?"

"Wamenipunguza kazini. Mimi na zamu yangu yote. Sijui nikaanzie wapi kumwambia mke wangu."

Hapo Mama Mwiko aliuweka mwiko chini. Akatafuta nyundo kabatini, akamkabidhi kupitia dirisha.

"Ng'oa."

Aling'oa. Misumari alikuwa ameipigilia barabara, ikamtoa jasho, na kila ubao ulipodondoka alisema kidogo: miaka aliyotumikia, bosi alivyoshindwa kumtazama machoni, watoto na shule. Mama Mwiko alimsikiliza huku akijaza bakuli. Alimhurumia kweli, na hakuona sababu ya kuficha.

Mlango ulipofunguka, shemeji aliinama, akapita katikati ya masufuria akikwepa mafuta ya moto.

"Samahani, mama," alisema, kisha akaelekea kaunta. "Naomba bia moja."

Mama Mwiko alikuwa ameshavuta kigoda.

"Supu kwanza."