Muuguzi wa Wodi ya Njiti

Muuguzi wa wodi ya watoto njiti hupasha viganja joto kwapani kabla ya kumgusa mtoto yeyote, na kila anapombandua mmoja plasta humwomba radhi kwa sauti ya chini. Sisi akina mama tulimwita Bibi Polepole. Asubuhi binti yangu alipoondolewa kwenye mashine iliyokuwa ikimpumulia, ni yeye aliyeutoa mrija kooni, kisha akamwekea puani mirija miwili mifupi ya kumsukumia hewa, ili sasa apumue mwenyewe akisaidiwa kidogo tu. Kifua hakikuinuka. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

"Sista, mrudishe kwenye mashine!" nililia.

"Ngoja kidogo, mama." Alikuwa akimsugua mtoto mgongo kwa kidole kimoja. "Haya, bibie, vuta. Hewa hiyo hapo, ni yako. Vuta."

Mbavu zikabonyea, kifua kikainuka, kikashuka, kikainuka tena. Muuguzi alibaki amesimama, kidole palepale mgongoni mpaka midomo ya mwanangu ikarudi kuwa myekundu, na ndipo akauegemea ukuta. Nikamsogezea kiti changu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaketi.