Nimeficha Karatasi za Msamaha wa Kodi za Mke Mwenzangu

Habari admin, na habari zenu nyote mnaofuatilia ukurasa huu. Naomba jina langu lisionekane, maana hapa Bagamoyo tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na sita, mjane, mwalimu mstaafu wa chekechea. Kila siku nasoma visa vya wenzangu humu na kuwahukumu. Leo ni zamu yangu.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi seremala, na alituoa wawili. Mimi ndiye mkubwa. Mwenzangu ana miaka hamsini na minane, namwita Bi Mdogo. Nyumba zetu zinatazamana, katikati kuna kichochoro tu. Majirani hutusifu kwamba tunaishi kama ndugu, na kweli hatujawahi kutoleana neno baya. Lakini wivu nilikuwa nao tangu wiki aliyoletwa, nikajifunza kuunyamazia. Mzee alipofariki miaka minne iliyopita nilidhani umeondoka naye.

Bi Mdogo haoni. Presha ya macho ilimwanza taratibu, sasa anatambua mwanga na giza basi. Mwaka huu tukatangaziwa kwenye mkutano wa mtaa kwamba mzee wa miaka sitini na kuendelea, au mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, akiwa anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe, anaweza kuomba msamaha wa kodi ya majengo, ile tunayokatwa tukinunua umeme. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, Bi Mdogo akanikabidhi bahasha yake yenye kitambulisho, cheti cha daktari, barua ya mtaa na karatasi ya nyumba. Akaniambia, "Dada, utakapopeleka zako peleka na zangu."

Nikaenda. Binti wa pale ofisini alinipokea kwa adabu, akaanza na karatasi zangu. Akanieleza kwamba nyumba yangu bado inasoma jina la marehemu, kwa hiyo nilete muhtasari wa kikao cha familia, wajane na watoto wote wakiri kwa saini kwamba nyumba ni yangu. Sikushtuka. Mzee siku zote aliniambia nyumba zote mbili zina jina lake, ili tusije tukagombana. Nikarudi kwenye benchi, nikafungua bahasha ya Bi Mdogo nione na yeye anahitaji nini.

Karatasi yake ilikuwa na jina lake. Jina lake kamili, la kwake na la babake, na chini saini ya mume wangu kwamba amempa nyumba ile akiwa na akili zake timamu. Ilikuwa ya miaka kumi na sita nyuma. Miaka kumi na miwili mpaka kufa kwake, yule mwanaume anakula kwangu, analala kwangu kwa zamu, ananiambia nyinyi wote kwangu ni sawa.

Jamani, nyumba ninayoishi nilichangia matofali kwa mshahara wangu. Nilikoroga udongo nikiwa na mimba ya pili. Yeye aliletwa akakuta mlango umeshatiwa rangi. Nilikaa pale mpaka watu waliokuwa mbele yangu wakaisha, binti akaniuliza kama nina lingine. Nikamwambia sina. Bahasha ya Bi Mdogo nikairudisha mkobani, na nilipofika nyumbani nikamwambia zimepokelewa, tusubiri.

Kilichofuata ndicho kinachoniaibisha zaidi. Tulipokaa kikao cha familia, nilitaka kumsomea muhtasari kabla hajaweka dole gumba. Akakataa. Alisema, "Umeandika wewe, mimi nisomewe nini tena?" Akanyoosha mkono, nikamshika kidole mimi mwenyewe nikakiweka kwenye wino. Kwa kidole kile msamaha wangu ukapita. Siku niliyompa habari alipika vitumbua akanitumia sahani nzima, na salamu kwamba sasa na wa kwake uko njiani. Vile vitumbua nilivigawa kwa majirani.

Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa kuzunguka kama Mzee aliwahi kumwandikia chochote. Hakuficha hata kidogo. Alidhani najua. Alisema daktari alipotamka kwamba macho hayatapona, Mzee aliogopa kwamba akifa kuna mtu atamtoa nje, naye hataona hata anakopelekwa. Nikamuuliza mtu gani. Akasema, "Hakunitajia, Dada. Nami sikumuuliza."

Nimeelewa sababu yake. Na bado imeniuma. Mimi Mzee hakuniogopea chochote. Halafu nawaza, pengine mtu aliyemwogopa ni mimi.

Sasa binti wa Bi Mdogo, aliyeolewa Msata, amepiga simu kwamba Ijumaa anakuja kumpeleka mama yake ofisini waulize kwa nini wamechelewa. Wakifika wataambiwa karatasi hazijawahi kuonekana. Bahasha iko kwenye kabati langu, chini ya khanga. Naweza kuipeleka kesho kimyakimya na lawama nikaitupia ofisi, hakuna atakayejua. Au nivuke kichochoro nimwambie yote, na anitoe thamani mbele ya mwanawe.

Ndugu zangu, msinipambe. Mngekuwa nyinyi, mngeanza na ofisi au mngeanza na yeye? Nauliza kwa sababu asubuhi hii niliitoa ile bahasha, nikavaa baibui, nikafika mlangoni. Nikamwona amekaa barazani kwake, kwenye nyumba yenye jina lake. Nikarudi ndani.