Nilikihubiri Kifaa Kisicho na Betri

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Naliweka mbele kabisa, kwa sababu mtu akianza na visingizio, ungamo hugeuka kesi ya kujitetea. Nimedanganywa na mtoto wangu wa ubatizo, hilo ni kweli na bado linaniuma. Lakini mlango aliopitia niliufungua mimi.

Mimi ni katekista mzee katika parokia moja ya Annexe, hapa Lubumbashi. Mungu amenipa miaka mingi, wajukuu, na meno ya kutosha kula bukari, ugali wetu wa huku. Namshukuru kwa yote.

Kijana nitamwita Héritier, si jina lake. Mimi ndiye niliyemsimamia siku ya ubatizo, ndiyo maana huniita Parrain. Alisoma mambo ya elektroniki kule chuo kikuu, Kasapa, na mwaka jana alinijia na vibandiko vyembamba kama karatasi ya peremende. Ni vihisi, aliniambia. Hupima joto na unyevu, kisha hutoa jibu bila waya.

"Na betri iko wapi?" nikauliza.

"Haiko na pile, Parrain. Hii mashine ya mukono njo inatuma mawimbi. Kibandiko kinakula ile mawimbi, kinaamuka, kinajibu. Lakini lazima uisogeze karibu, kama urefu wa mukono."

Alisema dunia nzima inavitafuta sasa: wenye dawa za kuwekwa kwenye baridi, wenye viwanda, hata wenye malori ya samaki yanayopanga mstari mpakani Kasumbalesa. "Soko inazidi kukua kila siku, Parrain. Bantu ba hapa njo banachelewa."

Akataka kuanza na mbegu za kina mama.

Kina mama wa kikundi chetu, wengi wao wajane, hulima mahindi pamoja. Mbegu huzifungia katika mapipa ya chuma, panya wasiziguse. Kila mwaka, katikati ya kiangazi, huyafungua mapipa na kuanika mbegu juani. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Héritier akasema vibandiko vikiwa ndani ya mapipa, hakuna haja ya kufungua tena.

Hapa ndipo nilipokosa mara ya kwanza. Jumapili ile, wakati wa mafundisho, nilikiinua kibandiko kimoja juu. "Tazameni hiki. Hakina nguvu yake mwenyewe. Hungoja nguvu itoke kwingine, ndipo kiseme. Si ndivyo tulivyo sisi mbele ya Mungu?"

Watu wakapiga makofi. Ndugu yangu, nilikuwa sijalifurahia fundisho langu namna ile kwa muda mrefu. Baada ya hapo nani angekataa vibandiko? Kina mama wakachanga, wakanunua.

Kosa la pili ndilo linalonikosesha usingizi. Siku ya kujaribu, mapipa yamekwisha kufungwa, Héritier aliingia ghalani na mashine yake. Ikalia akiwa bado mlangoni, mbali na mapipa. Nikautazama mkono wake. Chini ya kidole gumba alikuwa amebana kibandiko kimoja kwenye mgongo wa mashine.

Akainua macho, tukatazamana.

"Kavu," akawatangazia kina mama. "Mbegu iko kavu, bamama."

Nikanyamaza. Nilijiambia labda anaonyesha tu jinsi kinavyofanya kazi. Uongo. Niliogopa fundisho langu lingeanguka mbele ya watu.

Mama Bernadette, msimamizi wa kikundi, hakutulia. Mvua za mwisho zilichelewa kukatika mwaka ule, na mbegu ziliingia pipani bado zina unyevu. "Papa Catéchiste, tufungue kidogo, jua ipige," aliniomba kiangazi kilipofika.

"Mama," nikamjibu, "usiwe Tomaso."

Wenzake wakacheka. Yeye akainamisha kichwa.

Mvua zikarudi, tukafungua. Harufu ilitutoa nje kabla hatujaona kitu. Mbegu zilikuwa zimeshikamana, nyingine za kijani, nyingine ukizibonyeza zinakuwa vumbi. Mama mmoja alikaa chini palepale akajifunika uso kwa kitenge chake. Sehemu kubwa ya shamba lao sasa ni majani matupu.

Nikampigia Héritier simu. Alikuwa Kasumbalesa, akiwauzia wengine.

"Ulijua?"

"Chuma inafunga mawimbi, Parrain. Haipite. Nilijua tangu nilijaribu mara ya kwanza."

"Na ukanifanyia hivi, mimi niliyekusimamia?"

Alicheka kidogo, bila dharau, na hilo ndilo lililonichoma. "Weye uliona kidole yangu. Uliniangalia, nikajua hautasema. Ulikuwa umeisha kuhubiri."

Akakata. Tangu hapo hapokei.

Kwa muda nililalamika kwa kila mtu. "Pole, Papa, batoto ba leo," waliniambia, nami nikazipokea pole zisizo zangu, kwa kuwa hakuna aliyejua nilichokiona. Mwishowe nilikwenda kwa Mama Bernadette, nikamweleza habari ya kile kidole. Alikuwa akichambua mboga za lengalenga. Hakuinua kichwa.

"Na miye nilisikia ile mashine inalia mulangoni," alisema. "Nikageuka, nikaangalia uso yako, Papa. Ilikuwa imetulia. Nikasema, kama yeye ametulia, miye nani?"

Sivilaumu vibandiko. Huenda penginepo vinafanya kazi yake vizuri. Nawaonya ninyi wenzangu mnaosikilizwa: msikiazime kinywa chenu kitu ambacho hamjakiona kikifunguliwa. Na ukiona kidole, sema palepale, hata kama jana ulihubiri. Wewe unayesikiliza nawe, usisome uso wa mzee ukaacha kusoma pipa lako.

Nimeomba kupumzishwa kazi ya kufundisha. Nakaa benchi la nyuma, na Mungu bado ananivumilia. Mama Bernadette hunisalimu kwa heshima ileile ya zamani. Ila siku hizi, likitangazwa jambo jipya kanisani, hageuki tena kunitazama.