Marahaba ya Reli ya Igalula

Juzi, darasani kule Cheyo, binti yangu alivishwa miwani mikubwa iliyoziba nusu ya uso wake. Ana miaka tisa na ana usonji, na mwalimu wake anamfundisha kuvuka reli ya picha za kompyuta humo humo ndani ya miwani, ambako treni haimgongi mtu. Akatazama kushoto, kulia, akasikiliza, akapiga hatua bila kuambiwa. Papo hapo mawazo yakanirudisha utotoni, Igalula kwa bibi.

Unayakumbuka matobolwa, ndugu yangu, viazi vya kuchemshwa na kuanikwa mpaka vinavuta kama ulimbo? Likizo zetu zilinukia hayo. Kazi yetu ilikuwa kubangua karanga na kuchota maji kisimani ng'ambo ya reli. Mdogo wangu naye alikuwa na usonji, ila jina hilo hatukuwa nalo. Majirani walisema ana kiburi. Treni ikipiga honi, aliziba masikio na kukaa chini, hata awe katikati ya reli.

Bibi aligundua kwamba mtoto huyu hampiti mkubwa bila kumwamkia, wala hasogei kabla ya kuitikiwa. Akamwambia, "Reli ni mkubwa wako, mwamkie." Basi mdogo wangu akifika pale anapiga goti, "Shikamoo." Bibi, nyuma yake, anaangalia huku na huku, kukiwa salama ndipo anaitika, "Marahaba, pita." Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini alivuka.

Siku moja bibi aliugua homa, nikatumwa maji mimi na mdogo wangu. Nikakimbilia mchezo wa rede, wa kukwepa mpira, na wenzangu, nikamsahau. Jioni mimi na wenzangu tulimkuta palepale relini, ndoo tupu mkononi, sauti imemkauka kwa shikamoo. Niliona aibu ambayo haijaisha hadi leo. Bibi hakunichapa. Aliuliza tu, "Nikifa mimi, nani atamwitikia?"

Nilimwitikia mimi, na naendelea. Mdogo wangu ni mtu mzima sasa, na bado havuki peke yake. Binti yangu naye alipobainika kuwa na usonji, swali la bibi lilinikosesha raha upya.

Jumamosi nilimpeleka Igalula. Kisima kimefukiwa, nyumba ya bibi imebaki ukuta mmoja, na matobolwa sikuyaona. Binti yangu akafika relini, akasimama. Kushoto. Kulia. Akasikiliza, kisha akavuka, akanigeukia kutoka ng'ambo kuona kama ninakuja.

Nilikuwa bado nimesimama upande wa huku, na marahaba yangu mdomoni. Hakuihitaji.