Nyuzi za Waya wa Breki

Mtu akikuambia gitaa ni starehe, jua hajawahi kulifunga nyuzi Sumbawanga katika miaka ile ya shida. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa, mafuta ya taa ya kutafutwa, chumvi wakati mwingine ya kuombana. Sasa ingia dukani uulize nyuzi za gitaa, uone utakavyotazamwa.

Langu lilikuwa gitaa la zamani, la mbao, lenye tumbo la kutoa sauti lenyewe. Chini ya nyuzi kulikuwa na sumaku ya kunasa sauti hiyo na kuipeleka kwenye spika kwa waya. Mjomba wangu alirudi nalo kutoka kwenye machimbo ya shaba ya Zambia, akaniachia alipofariki. Kiangazi cha Ufipa ni adui wa gitaa. Upepo wa Juni unakausha mbao mpaka zinapasuka, na ukigeuka huku kutu imeshaingia kwenye vyuma. Nyufa niliziba kwa gundi ya seremala. Vyuma vya shingoni nilivisugua kwa majivu. Nyuzi zilipofifia sauti nilizivua, nikazichemsha kwenye sufuria ili uchafu utoke, nikazikausha juani na kuzirudisha. Mke wangu alikuwa akiniona na sufuria yake ananiuliza kama siku hiyo tunakula ugali kwa mchuzi wa gitaa.

Nilikuwa nikimjibu kwa maneno makali, maana nina hasira za karibu. Lakini alikuwa na haki ya kutania. Hakuna uzi unaochemshwa milele. Mwaka ule, baridi ilipoanza, uzi mmoja ulikatika nikiwa nakaza tu, nao ukanichapa shavuni. Wa pili ukafuata. Zilizobaki zilikuwa nyeusi na zina vinundu vya kutu, ukizipitishia kidole unaona kabisa kwamba nazo zimeshaaga.

Katika hali hiyohiyo balozi wetu wa nyumba kumi akaja kutangaza amri ya kata. Kila mtu wa mjini asiye na kazi ya kueleweka angepelekwa bondeni, upande wa Mtowisa, kufungua mashamba mapya, yeye na kaya yake.

"Mimi nina kazi," nikamwambia.

"Ipi, ndugu?"

"Napiga gitaa."

Akanitazama kwa huruma. "Mimi nimekuuliza kazi. Wewe unaniambia unachofanya ukiwa huna kazi."

Nilitaka kumrushia stuli. Wenzangu wote katika bendi walikuwa na mahali pa kujishikiza: mmoja mwalimu, mmoja fundi magari, na kiongozi wetu, mtu wa Mbeya, alikuwa karani serikalini. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nategemea vidole. Kiongozi akaenda kuniombea kwenye kamati ya kata. Akarudi na jibu: Jumamosi kamati ingekaa ukumbini kutusikiliza. Ikiridhika kwamba ninachofanya ni kazi, ningeandikwa mfanyakazi wa utamaduni. Isiporidhika, lori lingenichukua Jumatatu.

Watu wa kwenu watasema, si kulima tu, kuna ubaya gani? Kulima hakukuwa na ubaya. Bonde ndilo tulilokuwa tunalijua. Tulishawahi kuteremka kule kulima mpunga, mimi na mke wangu na mtoto wetu wa kwanza, mvulana. Joto la kule si la watu wa juu, na mbu wake wana njaa ya mwaka mzima. Homa ilimshika mtoto asubuhi, tukamfunga mgongoni kuitafuta zahanati, na tulikuwa bado njiani alipoacha kulia. Tulimzika kulekule kando ya shamba la watu. Tulipopanda kurudi Sumbawanga tulikuwa wawili.

Sasa tulikuwa na binti, hata meno hajaota. Mke wangu alimsikiliza balozi mpaka mwisho, akamwitikia kwaheri yake vizuri kabisa. Balozi alipotoka ndipo akaniambia: "Kule sitamteremsha huyu. Nilishaacha mmoja."

Basi nikaanza kutafuta nyuzi. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa mji mzima. Kwenye duka la ushirika walinicheka. Nikaenda kwa mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka na lori la kwenda ziwani, mtu mpole, nikampa shikamoo na kumweleza.

"Marahaba. Nyuzi za gitaa, mwanangu? Mimi hata uzi wa kushonea sina." Akafikiri, akaingia nyuma, akatoka na fundo la mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni, alioletewa na wavuvi wa Kirando. "Jaribu huu. Samaki mkubwa hajaukata, vidole vyako vitaukata?"

Niliubusu ule mshipi mbele yake. Nyumbani nikakata vipande sita. Kila uzi wa zamani ulikuwa na kijipete cha shaba mwishoni, cha kuuzuia usichomoke kwenye gitaa. Hivyo nilikuwa nimevitunza, nikavifungia kwenye nailoni. Kwa nyuzi nene nilisokota mishipi miwili, kisha mitatu. Nikakaza taratibu, nikingoja inyooke, nikikaza tena. Jioni gitaa likaimba. Sauti laini, tamu kuliko hata ya mwanzo. Mke wangu akaacha kupepeta ulezi, akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu balozi alipokuja. Mtoto akalala palepale. Nami nikajiona fundi wa mafundi.

Ujinga wangu niliujua Alhamisi mchana, kwenye mazoezi. Tulikuwa tunatumia spika iliyoendeshwa kwa betri ya gari, na betri ilikuwa ya kuazima, kwa hiyo sikuwa nimepata kujaribu. Nikachomeka waya, nikapiga.

Kimya.

Nikapiga kwa nguvu. Ngoma nasikia, besi naisikia, ya kwangu hakuna. Nikasema waya mbovu. Tukabadilisha waya. Nikasema spika imekufa. Kiongozi akachomeka gitaa lake, spika ikanguruma. Akaja, akainama, akagusa nyuzi zangu kwa kucha.

"Hii si plastiki?"

"Ni mshipi."

"Kaka," akasema polepole, "sumaku haisikii plastiki. Sumaku inasikia chuma."

Kitu ambacho mtoto wa shule anakijua, kwamba sumaku inavuta msumari na haivuti kitufe, mimi mpiga gitaa sikukifikiria. Pale ukumbini, katikati ya ngoma na tarumbeta, gitaa langu lisilopitia kwenye spika lingesikika kama mtu anayejikuna. Niliketi chini kwenye saruji. Sioni haya kusema nililia, tena kwa sauti, mbele ya wanaume wenzangu, na fundi magari akatoka nje ili asinione.

Yeye ndiye aliyerudi na wazo la waya wa breki ya baiskeli. Ule waya ndani yake ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Ukizisokotoa unapata nyuzi za gitaa, kali kidogo, lakini za chuma. Tatizo ni kwamba baiskeli zetu nyingi za wakati ule zilikuwa za breki za vyuma virefu, hazina waya hata kidogo. Za waya zilihesabika, na wenye nazo walikuwa wanazilinda kuliko wake zao. Nilizunguka mpaka jua likaelekea kuzama. Mmoja aliniuliza kama nataka na roho yake. Mwingine waya ulishakatika siku nyingi, alikuwa anasimama kwa kuburuza kandambili.

"Ya baba ni ya waya," mke wangu akasema.

Nilikuwa nalijua hilo tangu Alhamisi mchana. Nilikuwa najifanya silijui. Mkwe wangu alikuwa anakaa Pito, na ile baiskeli aliinunua Mbala, akaitunza kwa kitambaa chake maalumu ambacho hata mikono haruhusiwi mtu kufutia. Tena hakupenda binti yake aolewe na mtu wa gitaa, na hakulificha. Kwenda kwa mkwe kuomba ni shughuli. Kwenda kuomba akate breki za baiskeli yake ili wewe upige gitaa, hiyo haina hata jina.

Ijumaa asubuhi nikaenda. Nikamkuta uani, nikachuchumaa mbali kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, baba. Ndiye aliyenileta."

Nikamweleza yote bila kuinua macho: lori, kamati, bonde, sumaku. Akageuka kuitazama baiskeli yake. Kisha akauliza: "Ya mbele au ya nyuma?"

"Zote mbili, baba. Mmoja hautoshi."

Akaingia ndani kuchukua koleo. Alizikata mwenyewe, akazikunja, akanipa kwa mikono miwili. "Mjukuu wangu asiteremke," akasema. Nikazipokea kwa mikono miwili.

Kutoka hapo mpaka jioni nilisokotoa. Nyuzi za breki zina miiba midogo pale zinapokatika, nazo zinaingia kwenye nyama bila kuuliza. Uzi mmoja kwa sauti ya juu kabisa, mbili zilizosokotwa kwa ile inayofuata, na kuendelea hivyo hadi zile nene, ambazo hazikuwa nene vya kutosha, ikabidi gitaa zima nilipandishe sauti. Kibao kinachobeba nyuzi kikaanza kunyanyuka kwa kuvutwa. Nikakibana kwa gundi na jiwe la kusagia, nikakiombea. Vidole vyangu vya kushoto mke wangu alivifunga kwa vitambaa, na Jumamosi nikavifungua.

Niliomba nianze peke yangu. Ukumbi ulikuwa umejaa, kamati mezani mbele, mwenyekiti katikati. Nikachomeka waya, nikavuta uzi wa kwanza.

Ukanguruma. Sauti kali, yenye kutu, inayochoma, hakuna gitaa la dukani lenye sauti ile. Sikuwapigia kamati. Nilimpigia yule mvulana tuliyemzika, nikampigia dada yake asimfuate. Wenzangu wakaingia na ngoma, wazee wakainuka, katibu wa kata akaacha kalamu akacheza. Nikawa naona damu kwenye shingo ya gitaa na siyasikii maumivu yake. Tulipomaliza, kigelegele cha kwanza kilikuwa cha mke wangu. Nilikijua.

Mwenyekiti akasimama. "Ndugu wananchi, nani alisema hii si kazi?"

Watu wakapiga makofi. Nikamtafuta balozi kwa macho nimwone anavyojisikia.

"Huyu ndugu ni mfanyakazi kamili," mwenyekiti akaendelea. "Na mfanyakazi huenda pale anapohitajika. Wenzetu wanaoteremka bondeni watalima mchana kutwa, jioni hawana hata cha kuwachangamsha. Napendekeza kamati impeleke mpiga gitaa huyu awe nao. Gitaa lenyewe lina tumbo, halihitaji hata spika."

Makofi yakazidi. Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, nina mtoto mchanga." Akajibu kwa upole kabisa kwamba zahanati inajengwa. Kiongozi wetu wa bendi alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumatatu tukapanda lori, mimi, gitaa, mke wangu na mtoto mgongoni. Kulikuwa na mgambo mmoja mwenye karatasi ya majina ya watu wa kusindikiza. Tulipofika ukingoni, pale nchi ya juu inapokatika na bonde linaonekana chini limefunikwa na ukungu wa joto, dereva akasimama kutia maji kwenye rejeta. Mke wangu akateremka. Akafunga kanga vizuri, akaanza kutembea tulikotoka.

"Mama, unakwenda wapi?" mgambo akamwita.

"Narudi kwa baba."

Mgambo akatazama karatasi yake, akamtazama mtoto, akatazama karatasi tena. Mahali pa jina langu na kaya yangu, kamati kwa furaha yake ilikuwa imeandika 'mpiga gitaa' tu. "Mimi nimeambiwa nimfikishe mpiga gitaa," akasema. "Wewe unapiga gitaa?"

"Sipigi."

"Basi sina shughuli na wewe."

Na mimi nikaweka mguu kwenye ubavu wa lori niteremke. Akanishika bega, si kwa ukali. "Wewe ndiye," akasema.

Mke wangu alirudi mpaka chini ya lori, akanyoosha mkono, akanishika vidole vile vilivyochanika. "Nenda," akasema. "Huyu nitakutunzia." Dereva akawasha.

Nilikaa kule masika yakaja, yakapita, yakaja tena. Niliporuhusiwa nilipanda kwa miguu, nikaenda moja kwa moja Pito. Uani kulikuwa na mtoto wa kike anachezea magunzi ya mahindi. Aliponiona akayaacha, akapiga goti kama alivyofundishwa, akanipa shikamoo. Kisha akageukia mlangoni akaita, "Mama, mgeni!"

Nikaitikia marahaba, nikasimama pale nikisubiri kukaribishwa.