Kidole cha Delko

Kwetu Kimemi, mbuzi akichinjwa, kila mtu anajua kipande chake kabla kisu hakijatoka. Mguu wa nyuma ni wa mjomba. Mbavu ni za wakwe. Shingo ni ya shangazi, na ole wako umpelekee kitu kingine. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu baba yangu, mwaka ule askari walipoanza kukamata magari ya watu Butembo, aliigawa pikapu yake namna ile ile.

Tulikuwa tumeona kilichompata jirani. Askari walifika kwake asubuhi, watu bado wanakunywa chai, wakasema wanataka gari. Halafu wakaona hawana wa kuliendesha, wakamchukua pia kijana wake aliyekuwa shofa. Gari lilionekana tena mara moja, upande wa Beni, limejaa magunia na bunduki. Kijana hakuonekana. Mama yake akawa anakuja kwetu, anakaa jikoni na mama yangu, wanachambua maharage.

Kwetu shofa nilikuwa mimi. Baba alinitazama siku ile, akatazama pikapu, akasema, "Lete spana zote."

Ilikuwa pikapu ya zamani, ya kunywa esansi, yaani petroli, karibu rika langu. Baba aliinunua kwa samaki. Miaka na miaka alishuka nayo hadi ziwani, Kyavinyonge, akapanda na tilapia za chumvi, na chumvi ile ikala sakafu ya nyuma mpaka ukaona barabara inapita chini ya miguu yako. Tuliiziba kwa mabati ya madebe ya mafuta. Mlango wa kushoto ulikuwa wa buluu, wa kulia mweupe, na kapo, kile kifuniko cha injini, ilifungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu. Garaji hatukwenda. Baba alisema fundi wa garaji anatibu gari asilolipenda, na mimi nilimwamini, ingawa vidole vyangu viliumia kwa imani hiyo.

Tuliifungua siku nzima. Jioni ndugu wakaitwa, na baba akagawa. Magurudumu yote kwa mjomba, kaka yake mama, kama mguu wa mbuzi. Kiti na betri kwa shangazi. Kabureta kwa wakwe zetu. Kila mtu akabeba chake chini ya majani ya ndizi, na askari walipokuja walikuta sanduku la kutu limekaa juu ya matofali, kuku wanataga ndani. Walicheka wakaenda zao.

Halafu baba akaenda Beni kwa baiskeli ya watu, kumsaidia dada yangu mkubwa aliyekuwa amefiwa na mume. Akaugulia huko. Miezi ikapita, barabara mara inafungwa, mara inafunguliwa, na siku moja mwendesha baiskeli mmoja alitua kwetu na neno la dada: Baba anakwisha. Anautazama mlango kutwa nzima. Njoo umchukue, aone nyumba yake akiwa bado anaona.

Neno lilikuwa la dada. La baba mwenyewe halikuwamo, na wakati ule sikulifikiria.

Baiskeli asingeiweza, kukaa tu kulimshinda. Malori ya wafanyabiashara yaliyothubutu kupita yalijaa magunia, na hakuna aliyetaka mgonjwa juu yake. Ilibaki pikapu. Nikamwambia mama, "Naifunga upya, naenda kumleta." Mama alikuwa anaponda majani ya sombe. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Sawa, mwanangu," na mchi ukaendelea.

Nilianza kwa mjomba. Magurudumu alikuwa ameyafukia chini ya maharage ghalani. Kwanza ilibidi ninywe kasiksi yake, pombe ya ndizi, maana kwa mjomba huchukui kitu na koo kavu.

"Ule ni mguu wangu," akasema. "Unakuya kukamata mguu, na mbuzi iko wapi?"

"Mbuzi itarudi, mujomba, na shemeji yako ndani."

Akaacha kucheka. Aliyabiringisha yale magurudumu mwenyewe, moja moja, mpaka kwetu, mzee yule, akikataa kabisa nimsaidie.

Shangazi naye! Kiti cha gari alikuwa amekiweka sebuleni, akakivika kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake. "Hata padri alikaa hapa, hakulalamika," akaniambia, amesimama mbele ya kiti kama mtu anayelinda mlango. Nilipomweleza ni kwa ajili ya kaka yake, alikaa juu ya kile kiti akalia kwa sauti. Kisha akanifuata hadi nje. "Kitambaa hapana toa. Kaka yangu hatakaa juu ya sponji tupu."

Nikafanya kazi siku tatu, na mimi si mtu mpole nikiwa na spana mkononi, mama atakuambia. Bomba la radiateri lilikuwa limepasuka, nikalifunga kwa tyubu. Joini za kuziba injini nilikata kwenye katoni. Mafuta ya breki hayakuwepo mji mzima, nikayeyusha sabuni ndani ya maji nikaweka, kama tulivyofanya wote siku zile. Wakwe wakaleta kabureta imefungwa ndani ya nepi safi ya mtoto. Mama akasugua buji zote nne, zile plagi za injini, kwa mswaki wa zamani na esansi kidogo, kama alivyomfanyia baba miaka ishirini, akazipanga juu ya jiwe zikauke.

Ndipo nilipofungua delko, nikakuta kidole hakimo.

Kidole ni kidude kidogo, hakizidi ukubwa wa kizibo cha chupa. Kinazunguka ndani ya delko na kugawia kila buji moto wake kwa zamu. Kikikosekana, gari lote ni chuma cha kupigia kengele. Nikarudi kwa mjomba: hapana. Kwa shangazi: hapana, na akaniapia kwa Bikira Maria. Kwa wakwe: hapana. Nikamuuliza mama.

"Mimi najua nini mambo ya ma-chuma?" akasema, na akaenda kuangalia kuku.

Mjinga mimi. Mwanamke ametoka kusugua buji sasa hivi, anaziita kwa namba zake, eti hajui mambo ya vyuma. Lakini nilikuwa na haraka, na mwenye haraka hasikilizi.

Nikaamua kuchonga. Nilikata mti wa mpera, nikaukausha juu ya moto, nikachonga kidole kwa kisu cha jikoni na kukifunga kipande cha shaba. Cha kwanza kilipasuka nikiwa nakifunga. Nilirusha spana ndani ya shamba la maharage, nikatukana vita, nikatukana kila aliyeanzisha vita, kisha nikaenda kuitafuta spana kwa magoti. Nilimsikia mama anacheka jikoni. Kicheko chake kilikatika ghafla, nikadhani ni moshi.

Siku ya tano cha pili kilikaa. Betri haikuwa na nguvu, majirani wakasukuma. Pikapu ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Ikanguruma! Watu wakapiga vigelegele. Nilikaa pale usukani nikihesabu pumzi zake, na kabla sijafika mbali nikasikia harufu ya mti unaoungua. Ikazima. Nikafungua, kidole changu kilikuwa mkaa.

Nikaweka kichwa juu ya usukani. Sioni aibu kusema kwamba nililia.

Nilipoinua macho, mama amesimama kando ya mlango wa buluu, mikono ina unga wa muhogo hadi kwenye viwiko.

"Sauti yake njo ile ile," akasema. "Nikiisikia kule barabarani, nilikuwa naweka maji ku moto. Nilikuwa najua bwana yangu amefika na samaki."

Akafungua fundo la pembe ya kitenge chake. Ndani mlikuwa na jani kavu la ndizi, na ndani ya jani, kidole. Kikavu, safi, kimepakwa mafuta kidogo kisishike kutu.

"Mama! Siku tano!"

"Ee, siku tano. Na kama ningekuwa na nguvu, ingekuwa myaka tano." Hakunikwepa macho. "Banakamata gari, banakamata na shofere. Niko na bwana moja, na mutoto mwanaume moja. Kila asubui nilikuwa nabapima. Nimeshindwa kupima."

Hasira yangu yote ilishuka kama maji. Nilishuka garini nikamshika mikono ile yenye unga. Kisha akaifuta kwenye kitenge, akazunguka, akapanda mbele na kukaa juu ya kitambaa cha shangazi. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Bakikukamata, batanikamata na miye. Washa."

Tulitoka asubuhi iliyofuata. Baada ya Maboya kulikuwa na barieri, mti umelazwa barabarani, na askari mmoja, kijana wa mbali, Kiswahili chake kidogo. Akaizunguka pikapu. Akagusa mpira wa kapo. "Motuka oyo ya nani?" Mama akainama kwangu, akamjibu dirishani kwa Kiswahili chetu: "Gari ni ya bwana yangu, anagonjwa. Ukiikamata, mwanangu, utakamata na miye mama yako. Na miye nakula sana." Yule kijana alimtazama, akacheka, akatazama mlango mweupe, mlango wa buluu, akacheka zaidi, akainua ule mti. Mama alisali rozari miteremko yote ya Kabasha, sehemu kwa ajili ya roho zetu na sehemu kwa ajili ya ile sabuni iliyokuwa kwenye breki.

Beni nilimkuta baba amekuwa mwepesi. Nilimbeba peke yangu, mtu aliyekuwa akiinua gunia la samaki kwa mkono mmoja. Nikamweka katikati yetu, mgongo kwenye kitambaa cheupe, kichwa begani kwa mama. Nikawasha. Akasikiliza. Akageuza kichwa polepole akamtazama mama, akamtazama kwa muda mrefu, na mama akatazama barabara. Nilidhani ni mambo ya mke na mume wasioonana miezi mingi.

Tulipofika nje ya mji akanigusa goti.

"Inagonga," akasema. "Moto inakuya mbele ya saa. Simama, uzungushe delko kidogo."

Nikasimama, nikafungua kapo, nikazungusha. Yeye akasikiliza kutoka ndani, akiinua kidole kimoja: bado, bado, rudisha, hapo. Na kweli, kuanzia hapo ilipanda vilima kama zamani. Sijawahi kufurahi vile, na huku najua ninampeleka wapi. Kwenye barieri alikuwa yule yule kijana. Safari hii hakucheka. Alichungulia, akamwona mzee, akavua kofia yake. "Bokende malamu," akasema kwa Kilingala, nendeni salama, na akatufungulia.

Mchana tulikuwa Kimemi. Ndugu walijaa uani. Baba akakataa kitanda, akasema kiti cha gari kishushwe, akalie pale nje aone watu. Tukamkalisha na kitambaa chake. Akanywa maji, akapumzika, akaniambia, "Sasa fungua."

"Baba, pumzika kwanza. Kesho."

"Fungua. Kesho ni ya askari."

Nikaifungua mbele yake, injini bado ya moto, na yeye akagawa tena kwa sauti ambayo ilibidi tuisogelee. Magurudumu kwa mjomba. Kabureta kwa wakwe. Shangazi alisogea kungoja kipande chake, naye akamtazama na ile tabasamu yake ya sokoni. "Kiti utangoja, dada. Bado nakikalia." Shangazi akacheka, wote tukacheka.

Mwisho akaomba kidole cha delko. Nikampa. Akakifuta kwenye shati lake, pande zote, taratibu, akakiweka katika kiganja cha mama, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Kama siku ile nilikuambia," akasema. "Hapana mupatia. Hata kama ni juu yangu."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti pale kando, spana mkononi. Siku ile? Basi alikuwa amemwachia amri hiyo, asinipe kidole hata kwa ajili yake mwenyewe, kabla ya kwenda Beni. Huko alikolala akiutazama mlango, alikuwa akiomba usifunguliwe na mimi. Na mama alikuwa ameibeba amri ile pembeni ya kitenge, anapika nayo, anasali nayo, ananisikia nachonga mti.

Mama aliutazama mkono wake uliofungwa. Kisha akamtazama baba.

"Sasa itakuwa juu ya nani?" akasema. "Wewe uko nyumbani."

Akakifunga kile kidole ndani ya kitenge, akakaza fundo kwa meno, akaenda kuweka maji motoni. Shangazi alikingoja kiti chake siku kumi na moja, na alipokuja kukichukua hakutaka tufue kile kitambaa.